Daftari la safari: Katuba hadi Durban, kuwatazama mashoto wa mpira wa meza

Jumatatu, 22 Mei 2023. Lubumbashi – Lusaka

Saa kumi na moja alfajiri Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, ilikuwa bado giza, na baridi ya Mei imeshaanza kuuma masikio. Mama alinifungia mikate na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akanimiminia chai ndani ya chupa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mwenye miaka 12, alikuwa amesimama mlangoni na raketi kwapani kana kwamba ndiye anayesafiri.

"Mjomba, uniangalizie miguu yao," aliniambia.

Nilidhani ataniomba nimwangalizie mikono.

Mtoto huyu ni mashoto. Tunacheza mpira wa meza kwenye ukumbi wa parokia, watoto 9 na mimi, juu ya meza aliyotuchongea fundi seremala kwa mbao mbili za plaiwudi. Wavu wetu ni kipande cha chandarua kilichopigiliwa misumari kwenye vijiti viwili. Meza halali ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, nayo inasimama sentimita 76 kutoka sakafuni. Yetu nimeipima mwenyewe: urefu umepungua sentimita 4, ila kimo ni sawasawa. Hapo mkono wake wa kushoto hutoa mipira ambayo wenzake hawaoni imetokea wapi.

Shida iko nyumbani. Mama yangu, yaani nkambo wake, akimwona ameshika kijiko kwa kushoto hukitoa taratibu na kukihamishia kulia. Hampigi wala hamkaripii. "Kushoto hakumpi mtu chakula, hakumsalimii mtu." Ndivyo alivyolelewa, nasi alitulea hivyo hivyo. Tangu Januari mtoto ameanza kuhamisha raketi kila nkambo anapopita karibu na ukumbi, na sasa mikono yote miwili imepoteza uhakika wake. Nimebishana na Mama miezi mizima. Maneno yamegonga mwamba. Kwa hiyo niliposikia kwamba ubingwa wa dunia utachezwa Durban, tarehe 20 hadi 28 Mei, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika tangu Cairo mwaka 1939, nilianza kuweka franka pembeni. Zilinitosha siku tatu za mwisho tu, lakini medali ndiko ziliko.

Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90, na foleni ya malori ya shaba ilianza kabla hata hatujaona mpaka. Afisa alikagua kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano, akageuza pasipoti, akauliza ninaenda kufanya nini Afrika Kusini. Kutazama mpira wa meza, nikamwambia. Aliniuliza mara ya pili, kisha akagonga muhuri.

Ng'ambo, kuanzia Chililabombwe hadi Kitwe, Kibemba changu kilinitosha kununua maji na kuulizia choo. Lusaka niliingia saa tano usiku.

Jumanne, 23 Mei. Lusaka – Chirundu

Basi lilipaswa kuondoka saa tatu asubuhi. Liliondoka saa kumi jioni. Kwanza gurudumu, kisha betri, kisha dereva mwenyewe hakujulikana aliko. Hakuna aliyekuja kutuambia neno, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa saa saba juu ya mzigo wake juani. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika. Mtu aliyelipa nauli anastahili angalau kuelezwa.

Zambezi tuliivuka Chirundu usiku. Taa za malori zilipiga kwenye nyaya za lile daraja la zamani, Daraja la Otto Beit, nikakumbuka kwamba nalo lilifunguliwa 1939. Mwaka uleule, huko Cairo, Richard Bergmann alimshinda Alojzy Ehrlich wa Poland kwenye fainali ya wanaume. Bergmann alikuwa Mwaustria aliyekimbilia Uingereza baada ya Ujerumani kuimeza nchi yake, akacheza kwa jina la Uingereza. Ehrlich alikuwa Myahudi. Vita vilipokuja alitupwa kambi za Auschwitz na Dachau, akatoka hai. Miaka 84 imepita tangu mashindano yale, na bara letu halikuletewa tena hadi mwezi huu.

Jumatano, 24 Mei. Zimbabwe

Siku nzima kwenye kiti. Harare alfajiri, Masvingo mchana, kisha mibuyu ikaanza, mikubwa, imesimama mbalimbali kama wazee waliokosana. Kando ya barabara wanauza viwavi vikavu kwa vikombe. Nilivionja, nikawaambia majirani zangu kwamba kwetu Lubumbashi tunaviita vinkubala na tunavila na bukari, yaani ugali. Mazungumzo yakafunguka, tukagawana chumvi.

Beitbridge, foleni. Limpopo tuliivuka saa sita usiku.

Alhamisi, 25 Mei. Johannesburg – Durban

Nilibadili basi Johannesburg bila kuona mji. Mchana kutwa nyanda za majani makavu ya rangi ya simba, halafu barabara ikaanza kuteremka milima kwenye njia ya Van Reenen, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na ya joto. Nilivua koti la Katuba.

Binamu yangu alinipokea Albert Park, mtaa ambao jioni unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Lubumbashi kwenye ngazi ya ghorofa moja. Amekaa Durban miaka 11, analinda magari ya watu maegeshoni. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu, kama kwetu, tukala sombe, yaani kisamvu, kwa mshumaa. Tiketi zangu alikuwa amezihifadhi ndani ya Biblia yake.

Ijumaa, 26 Mei. Siku ya kwanza ukumbini

Kituo cha mikutano cha Durban kiko katikati ya mji. Unaingia ukitarajia kelele, na unachokisikia kwanza ni vile viatu: vinalia sakafuni, kwi, kwi, kwi, kabla hujaona mchezaji hata mmoja. Mpwa wangu alikuwa sahihi. Mchezo huu unaanzia chini.

Leo nimemwona Hina Hayata wa Japani. Mashoto. Alikutana na Wang Yidi wa China katika robo fainali, wakafika seti tatu kwa tatu, seti ya saba ikabaki kuamua. Seti inaisha kwa pointi 11, lakini mkifika 10 kwa 10 lazima mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili, na kuanzisha mpira kunabadilishwa kila pointi. Hapo ndipo watu wawili wanapobaki uchi mbele ya ukumbi mzima. Wang alipata pointi ya kumaliza mechi. Hayata akaifuta. Akapata nyingine, ikafutwa. Mara tisa Wang alikuwa na pointi moja tu ya kwenda nusu fainali, na mara tisa yule msichana alirudi mezani, akafuta jasho la kiganja juu ya meza karibu na wavu, akainama.

Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Iliisha 21 kwa 19. Hayata alianguka akilia, nami sikuona tena vizuri kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa.

Fainali ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, ilichezwa leo pia. Hayata alishirikiana na Tomokazu Harimoto, na mbele yao walisimama Wang Chuqin na Sun Yingsha wa China, mabingwa wa dunia wa mashindano yaliyopita, Houston 2021. Wachina walishinda 3-0, wakatetea taji lao. Nimeandika daftarini: dhahabu China, fedha Japani. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: WANG CHUQIN KUSHOTO, HAYATA KUSHOTO.

Jumamosi, 27 Mei. Miguu

Leo ndiyo siku niliyoisafiria, nami nitaiandika polepole.

Kwenye mchezo wa wawili wawili, sheria inataka mpige kwa zamu. Ukipiga wewe, mpira unaofuata ni wa mwenzako hata kama umekujia tumboni, kwa hiyo ukishapiga lazima umpishe. Wachezaji wawili wa kulia wote hupenda kusimama upande wa kushoto wa meza, ili mkono wenye nguvu upate nafasi. Wanagombea mahali pamoja. Basi inabidi wazungukane, mmoja aende nyuma, mwingine apite mbele, na wasiozoeana hugongana mabega. Kulia akikutana na kushoto, kila mmoja ana kona yake. Mmoja anafunguka huku, mwingine kule, kama mbao mbili za mlango.

Katika fainali ya wanaume, Fan Zhendong wa China ni wa kulia, mwenzake Wang Chuqin wa kushoto. Nilihama viti mara mbili hadi nikapata mahali pa kuona visigino vyao. Fan akishapiga, mguu wake wa kulia unasukuma sakafu hatua moja fupi kwenda nje, mwili bado umeelekea meza, na kabla kisigino hakijatulia Wang ameshaingia. Hawaangaliani. Hatua ni fupi mno, hazizidi urefu wa kiatu na nusu. Mimi Katuba nimekuwa nikiwafundisha watoto kukimbia. Nimewafundisha vibaya, na nikirudi nitawaomba radhi.

Wapinzani wao, Wakorea Kusini, walikuwa Jang Woojin wa kulia na Lim Jonghoon wa kushoto. Hii ilikuwa fainali yao ya pili mfululizo. Houston walifungwa na Mattias Falck na Kristian Karlsson wa Sweden, nao pia kulia na kushoto. Leo walifungwa tena, 3-0. Shaba mbili, maana katika mashindano haya hakuna mechi ya kutafuta wa tatu na wote wawili wanaotolewa nusu fainali hupewa shaba, zilikwenda kwa Lee Sangsu na Cho Daeseong wa Korea Kusini, na kwa Patrick Franziska na mwenzake wa Ujerumani. Cho ni mashoto.

Nilihesabu tena kwenye daftari ili nisijidanganye. Jozi zote mbili za fainali ya wanaume, na ile ya Lee na Cho, kila moja ina mashoto mmoja.

Kwa wanawake hesabu ilinigeuka, na lazima niandike hivyo hivyo. Jeon Jihee wa kushoto na Shin Yubin wa kulia waliwang'oa Sun Yingsha na Wang Manyu katika nusu fainali, wakaipeleka Korea Kusini kwenye fainali ya wanawake wawili wawili ambayo haikuwa imeiona tangu 1987. Nilikuwa upande wao moyo wote. Fainali wakakutana na Chen Meng na Wang Yidi, wote wa kulia, wakafungwa 3-0. Wang Yidi, yuleyule aliyepoteza pointi tisa kwa Hayata! Amesimama mezani kama mtu aliyelala vizuri, akaondoka na dhahabu. Shaba ya pili ilikwenda kwa Miyuu Kihara na Miyu Nagasaki wa Japani, na Nagasaki ni mashoto. Kwa hiyo mkono wa kushoto hauhakikishi ushindi. Kazi hufanya hivyo, na watu wawili waliozoeana. Mama angeniuliza swali hilo kwanza kabisa, afadhali nilijibu mwenyewe kabla hajaniuliza.

Jirani yangu wa kiti leo alikuwa mzee wa Durban wa asili ya Kihindi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa Kiingereza changu cha Kitwe tulielewana. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mwaka 1956 shirikisho la kimataifa la mpira wa meza liliutoa uongozi wa wazungu peke yao wa Afrika Kusini na kukitambua chama kisichobagua rangi, na mwaka 1957 wachezaji wake wakaenda ubingwa wa dunia wa Stockholm. Michezo mingine mikubwa ilichelewa miaka mingi. Baadaye serikali ikawanyima pasipoti. "Wachezaji tulikuwa nao," alisema, "pasipoti ndizo hatukuwa nazo." Alikuwa kijana akichezea mtaani kwao juu ya mlango uliong'olewa bawaba. Nilimweleza habari ya chandarua chetu. Alicheka, akanishika bega na hakuuondoa mkono kwa muda.

Jumapili, 28 Mei. Fainali

Asubuhi binamu alinipeleka ufukweni. Nilionja maji ya bahari, nikajaza chupa ndogo ya dawa nimpelekee Mama, ambaye hajawahi kuiona.

Mchana, Sun Yingsha na Chen Meng. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, Chen ndiye aliyeshinda fainali yao. Leo Sun amelipa: 4-2, taji lake la kwanza la dunia la mchezaji mmoja mmoja. Ana uso wa kitoto na mkwaju wa mtu mwenye deni. Shaba za wanawake ni Chen Xingtong na Hina Hayata. Hayata anarudi kwao na fedha moja na shaba moja, na nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Halafu Fan Zhendong dhidi ya Wang Chuqin. Jana walikuwa mbao mbili za mlango mmoja. Leo wamesimama kila mtu upande wake wa wavu, na kila mmoja anajua mguu wa mwenzake unaanzia wapi, kwa sababu ameucheza ubavuni. Wang alipeleka mipira ya kona ile ya mbali ambayo ni mashoto tu anayeipata kirahisi, na Fan alikuwa ameshafika huko kabla yake. Kuna mpira mmoja waliupiga mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kusimama wakati bado unaendelea. Fan alishinda 4-2, taji la pili mfululizo baada ya Houston. Shaba ni Ma Long na Liang Jingkun.

Dhahabu zote 5 ni za China. Fedha: China 2, Korea Kusini 2, Japani 1. Hakuna hata jina moja la Afrika kwenye jukwaa la mmoja mmoja wala la wawili wawili, ingawa ardhi ni yetu. Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali Houston, kwa hiyo njia tunaijua hadi hapo. Iliyobaki inahitaji meza, mipira na mtu wa kukaa na watoto kila siku.

Usiku mpwa wangu alipiga kupitia simu ya mama yake.

"Mjomba, Wang ameshinda?"

"Ameshinda mbili, amepoteza moja."

Akanyamaza. "Hiyo aliyopoteza, alicheza kwa mkono gani?"

"Uleule."

"Hakubadilisha?"

"Hakubadilisha hata mara moja."

Jumatatu, 29 Mei – Ijumaa, 2 Juni. Kurudi

Njia ileile, vumbi lileile. Basi hili la kurudi liliondoka kwa saa yake. Begi langu lina mipira 24, karatasi mbili za raba ya raketi na chupa ya maji ya bahari iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki.

Jumamosi, 3 Juni. Katuba

Nimeandika matokeo yote kwa chaki kwenye ukuta wa ukumbi. Kila jina la mashoto nimelipigia mstari chini, na majina ya Chen Meng na Wang Yidi nimeyaacha bila mstari, yanaonekana wazi. Watoto waliyasoma kwa sauti. Niliwaomba radhi kwa habari ya kukimbia, kisha nikachora sakafuni, kwa chaki, hatua ya Fan: kiatu kimoja na nusu.

Nikampanga mpwa wangu na mvulana wa kulia kutoka nyumba ya nyuma. Mpira wa kwanza waligongana. Wa pili waligongana. Nilikuwa nimewaambia watoke nje kama mlango, na wao walikuwa wanatoka wote upande mmoja. Ilichukua nusu saa.

Mama alikuja na sufuria ya chakula, akasimama mlangoni. Mtoto alimwona, na nikauona mkono ukianza kuhama. Mama naye aliuona. Aliangalia ukuta, ambao hawezi kuusoma bila miwani, akaangalia ile michoro ya chaki sakafuni.

"Hizo nyayo ni za nani?"

"Za Mchina mmoja, Mama," nilijibu.

Alikaa kwenye benchi, akaweka sufuria miguuni. Walicheza mpira mmoja, wa pili, wa tatu, hadi wa saba, bila kugongana, mtoto akipiga kwa kushoto na kutoka, mvulana akiingia. Mama alifuata kwa macho, huku na huku. Walipomaliza aliwaita wakanawe.

"Kwenye bukari, kulia," alisema akimpa sahani. "Kwenye hiyo meza ya mjomba wako, mtajua wenyewe."

Mtoto alipokea sahani kwa mikono miwili. Baada ya kula walirudi mezani, na Mama hakuondoka.